Meneja au mhandisi? Nimeona kazi za metro ya Dubai, nashindwa kuamua niombe ipi

Kaka Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mhandisi wa umeme, nina miaka 34, mzaliwa wa Tanga. Sasa naishi Pugu na mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaingia kwenye ujenzi wa reli ya SGR nikiwa kijana wa kuvuta nyaya na kutumwa chai, na tangu treni zianze kubeba abiria mwaka 2024 nipo kwenye matengenezo ya mifumo ya ishara na mawasiliano. Kwa jumla nina miaka minane kazini, mitatu ya mwisho nikiongoza zamu ya mafundi sita. Kazi naipenda na sina ugomvi na mtu. Ila nimefika mahali naona mbele yangu kuna watu wengi na ngazi chache.

Hivi karibuni rafiki yangu alinitumia matangazo mawili ya kazi za metro ya Dubai. La kwanza wanatafuta Mhandisi wa Ishara: shahada, uzoefu usiopungua miaka mitano, na mwenye uzoefu wa CBTC (mfumo wa kuongoza treni za mijini kwa redio na kompyuta) atapewa kipaumbele. Linafungwa tarehe 28. La pili ni la Meneja wa Matengenezo ya Mifumo: miaka kumi na miwili kazini, mitano kati ya hiyo ukiwa kiongozi, na uwe umesimamia bajeti na mikataba. Hili la pili halina jina la kampuni, wameandika tu "mwendeshaji mkubwa wa metro".

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha, anasema niombe umeneja, cheo hakiombwi mara mbili. Kuna wakala hapa mjini naye anasema hiyo nafasi ya umeneja anaweza "kunishikia". Anataka shilingi milioni nne, mbili kabla ya usaili na mbili visa ikitoka. Wasifu wangu ataupanga upya ili miaka minane isomeke kumi na miwili. Kaniambia hivyo bila hata kupunguza sauti.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Hajakataa. Alisema, "Wewe nenda, mimi nitabaki na mtoto na kazi yangu," na tangu siku ile haniulizi tena habari za Dubai. Mama kule Tanga anasema Mungu afungue njia.

Naomba unisaidie. Niombe ipi? Kutojua CBTC kunaniondoa moja kwa moja? Huyu wakala nimfanyeje? Na mke wangu nimwelewe vipi?

Mhandisi wa Zamu, Pugu

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nitakujibu yote manne, lakini kuna la tano ambalo hukuliuliza na ndilo linalobeba mengine: nani hasa atakuajiri? Umeandika "kazi za metro ya Dubai" kana kwamba metro ni mwajiri mmoja mwenye mlango mmoja. Reli za mijini siku hizi haziendeshwi hivyo, na za Ghuba ndiyo kabisa.

Mwenye mali pale Dubai ni mamlaka ya serikali, RTA, inayosimamia barabara na usafiri wa mji. RTA haiendeshi treni kwa mikono yake. Tangu treni ya kwanza itoke mwaka 2009, uendeshaji na matengenezo vilikuwa mikononi mwa Serco ya Uingereza. Septemba 2021 kazi ikahamia kwa Keolis-MHI, ushirika wa Keolis ya Ufaransa na Mitsubishi ya Japani. Huyo ndiye mwendeshaji. Chini ya mwendeshaji kuna makandarasi wadogo wa lifti, usafi, viyoyozi na kadhalika. Pembeni yao kuna kampuni za kukodisha watu, ambazo zinakuajiri zenyewe kisha zinakupeleka kufanya kazi kwa mwingine. Unavaa kikoti chenye nembo ya metro, unapanda treni ya metro, lakini mshahara, bima, likizo na mkataba vinatoka kwenye ofisi moja ghorofani ambayo watu wa metro wenyewe huenda hawaijui.

Halafu kuna kundi jingine, ambalo kwa sasa lina kazi nyingi: wajenzi. Desemba 2024 RTA ilitoa mkataba wa Njia ya Bluu kwa Mapa na Limak za Uturuki pamoja na CRRC ya China, thamani yake dirham bilioni 20.5, kilomita 30, vituo 14. Wamepanga kuifungua tarehe 9 Septemba 2029. (Tarehe hiyo wanaipenda kuliko siku ya kuzaliwa: Njia Nyekundu ilizinduliwa 9 Septemba 2009, ya Kijani 9 Septemba 2011.) Kazi za mradi kama huo ni nzuri na mara nyingi zinalipa vizuri, lakini zina siku ya kufa. Umetoka kwenye ujenzi wa SGR, unajua mwenyewe jinsi kambi inavyokuwa na watu mia tano leo, na kesho wakabaki mlinzi na mbwa. Kazi ya uendeshaji ndiyo inayobaki treni zikishaanza kutembea.

Kwa hiyo kabla hujabishana na mjomba kuhusu cheo, chukua kila tangazo ulipe jina: ni la mwenye mali, mwendeshaji, mjenzi, au mkodisha watu? Tangazo la kweli la mwendeshaji utalikuta kwenye ukurasa wake mwenyewe wa ajira, likiwa na namba ya kumbukumbu. Lile lisilo na jina huenda likawa halali pia, kwa sababu kampuni za kutafuta wafanyakazi huficha jina la mteja wasizungukwe na washindani. Lakini wanalificha mpaka simu ya kwanza tu. Ukiuliza "mteja ni nani na mkataba utasainiwa na kampuni gani?" ukajibiwa "usijali, tutakuambia baadaye", hapo umeshajibiwa.

Sasa, uombe ipi. Omba ya uhandisi. Najua mjomba hatafurahi, mpe salamu zangu, lakini amelisoma neno "meneja" kama tunavyolisoma kwetu: ofisi yenye kiyoyozi, gari, na mtu wa kukuletea mafaili. Kwa mwendeshaji wa metro, meneja wa matengenezo ni mtu anayejibu kuhusu fedha. Mkataba kati ya mwenye mali na mwendeshaji una vipimo: treni ngapi zitoke karakana asubuhi, ngapi zifike kwa wakati, milango ya jukwaani ifunguke kwa kiwango gani. RTA hutangaza kwamba treni zake hufika kwa wakati kwa zaidi ya asilimia 99, kwa hiyo unaweza kukisia wanavyomtazama mtu aliyesababisha zichelewe. Kiwango kikishuka, mwendeshaji anakatwa fedha. Meneja ndiye anayeingia kwenye kikao na lahajedwali lake kueleza kwa nini, ni kosa la nani, kipuri kilichokosekana kiliagizwa lini, na mkandarasi gani atadaiwa. Siku nzima inaweza kupita hajagusa hata bisibisi.

Je, wewe umewahi kuandaa bajeti ya vipuri ya mwaka, ukaitetea, ukaishiwa nayo mwezi wa nane ukatafuta njia? Umewahi kumwandikia mkandarasi barua ya madai? Kama hujawahi, hiyo miaka mitano ya uongozi wanayoitaka huna. Kusimamia mafundi sita ni uongozi, tena wa kweli, ila ni wa aina nyingine, na msaili atakufikia kwa swali la pili tu. Miaka kumi na miwili kwenye tangazo huwa inalegezwa kwa mtu wanayemtaka. Uzoefu wa bajeti na mikataba haulegezwi.

Katikati ya vyeo hivyo viwili kuna vingine ambavyo wengi wetu hatuvioni kwa sababu macho yanakimbilia juu: mhandisi mwandamizi, msimamizi wa zamu ya usiku, mhandisi wa kutegemewa kwa mifumo, yule anayekaa na takwimu za hitilafu akitafuta kwa nini kifaa kilekile kinafeli kila baada ya wiki tatu. Mtu akiingia kama mhandisi kwa mwendeshaji, akakaa miaka mitatu, akawa anajulikana hadi chumba cha kuongozea treni, nafasi hizi anaziona zikitangazwa ndani kabla hazijafika nje.

Kuhusu CBTC, usiogope, ila usidanganye. Reli yetu ya SGR imewekewa ETCS, mfumo wa Ulaya wa kuongoza treni, ngazi ya pili: treni inapata ruhusa ya kwenda kwa redio, baliza zilizofungwa katikati ya reli zinaiambia iko wapi, na kompyuta inamwangalia dereva asizidishe. Dubai wana CBTC, nayo inatumia redio vilevile, lakini kompyuta inajua kila treni iko wapi muda wote, kwa hiyo treni zinafuatana kwa karibu sana, na dereva hayupo kabisa. Abiria wanakaa mbele kwenye kioo wakipiga picha pale ambapo wewe umezoea kumkuta dereva wa treni ya mchongoko.

Tofauti ni kubwa kwa anayenunua mfumo. Kwa anayeutengeneza usiku, vingi anavijua: mota za pointi (pale treni inapobadilishwa njia), vifaa vya kuhesabu ekseli, nyaya za nuru, redio, vyumba vya mitambo vyenye viyoyozi visivyotakiwa kuzimika, na ile kanuni mama kwamba kifaa kikiharibika lazima kiharibikie upande wa usalama, treni isimame. Hiyo unayo. Usiyokuwa nayo ni mazoea ya milango ya jukwaani na umeme wa chini. Wewe umezoea waya wa volti 25,000 juu ya kichwa. Kule treni inakula umeme wa volti 750 kutoka kwenye reli ya tatu kando ya njia, yaani hatari iliyokuwa juu inahamia miguuni, na kila hatua unayopiga njiani lazima uwe na uhakika umeme umezimwa na kufungwa. Kwenye wasifu andika wazi: ETCS ngazi ya pili, miaka kadhaa; CBTC, nimesoma nadharia, sijaifanyia kazi. Tangazo limesema kipaumbele, halijasema sharti. Kisha kaisome kweli, maana watakuuliza.

Na hapa niseme kuhusu huo wasifu, kwa sababu naona wahandisi wetu wazuri wakitupwa nje kwa karatasi. Wengi huandika: "Nilihusika na matengenezo ya mifumo ya ishara." Hata mfagiaji wa chumba cha mitambo alihusika. Andika ulichofanya kwa namna ambayo msomaji aliyekaa Dubai, asiyeijua Pugu wala Soga, ataona mkono wako. Kwa mfano: "Kiongozi wa zamu, mafundi sita. Nachukua kibali cha kuingia njiani kutoka chumba cha kuongozea treni, nahakikisha umeme umezimwa, nagawa kazi, najaribu kifaa baada ya matengenezo, narudisha njia na kusaini." Kisha weka hitilafu moja uliyoifuatilia mpaka ukaikamata: ilionekanaje, mlidhani nini kwanza, chanzo kilikuwa nini, na baada ya hapo ilijirudia mara ngapi. Namba zitoe kwenye daftari la zamu, usizitoe kichwani. Kurasa mbili zinatosha. Picha, dini, kabila la baba na shule ya msingi uliyosoma, viache.

Nikuonjeshe swali la usaili, la aina ninayoipenda. Ni saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Pointi ya kutokea karakana haitoi uthibitisho kwamba imefunga. Treni ya kwanza ya abiria ni saa kumi na moja. Utafanya nini? Kijana mwenye papara anaanza kueleza jinsi atakavyofungua boksi la mota na kuangalia swichi. Wanayemtafuta anaanza na simu: anakiambia chumba cha kuongozea treni kuna nini, anahitaji dakika ngapi, na saa ngapi atawapa jibu la ndiyo au hapana ili wao waamue kutoa treni kwa njia nyingine. Halafu ndiyo anatazama: kuna jiwe au takataka kati ya ulimi na reli? Kama hapatengenezeki kwa muda uliopo, anaomba ruhusa ya kuifunga pointi kwa kibano na kufuli, upande mmoja, kwa utaratibu wa maandishi. Harudishi njia bila kuijaribu, hata mkubwa akipiga simu akifoka. Wewe ukiwa kiongozi wa zamu bila shaka yamekukuta mambo ya aina hiyo. Simulia hilo la kwako, litakuwa bora kuliko langu.

Swali hilo lina maana pale kwa sababu ya saa. Jumatatu hadi Alhamisi treni za Dubai zinatembea kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita usiku. Ijumaa zinaongeza saa moja, hadi saa saba usiku. Jumapili ndiyo wanaanza kwa kuchelewa, saa mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe: siku za kawaida una saa tano za usiku. Toa muda wa treni ya mwisho kuingia karakana, kuzima umeme, kupewa kibali, kufika eneo la kazi na vifaa, halafu mwishoni kuhesabu kila spana isibaki njiani, kutoa watu na kuwasha umeme tena. Unabaki na saa tatu na kitu za kazi halisi. Kwa hiyo jua unaomba kazi ya usiku. Mchana utakuwa unalala kwenye mji wenye jua la nyuzi 45 mwezi wa Julai, na mtoto wa miaka miwili, kama yupo, hataelewa kwa nini baba analala saa nne asubuhi.

Fedha. Watu wakisikia Dubai hakuna kodi ya mshahara wanaacha kusoma mkataba. Angalia mshahara wa msingi, usiangalie jumla. Sheria ya kazi ya huko, namba 33 ya mwaka 2021, inampa mfanyakazi malipo ya mwisho wa utumishi: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Posho hazihesabiwi. Tuseme, kwa mfano tu, umepewa jumla ya dirham 14,000. Msingi ukiwa 8,000, miaka mitano inakupa 28,000 ukiondoka. Msingi ukiwa 5,000 na zilizobaki zikaitwa posho ya nyumba na usafiri, unaondoka na 17,500. Jumla ya kila mwezi ni ileile, tofauti ni dirham 10,500, nayo imetoka kwenye mstari mmoja ambao hukuusoma. Pensheni nyingine hakuna, kwa hiyo uliza NSSF namna ya kuendelea kuchangia kwa hiari. Na kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, deni halivuki bahari likakusahau, panga kulilipa ukiwa kule.

Muda wa majaribio kisheria usizidi miezi sita. Likizo ya mwaka ni siku 30. Pasipoti yako ni yako, mwajiri haruhusiwi kuikalia. Barua ya ofa na mkataba utakaosaini baadaye vifanane. Ukiona namba imebadilika kati ya karatasi hizo mbili, simama.

Wakala huyo, mdogo wangu, huna haja ya kufikiria mara mbili. Sheria niliyoitaja inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kuzungushwa, mwajiri ndiye anayezibeba. Kwetu wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni, na ukitaka kujua kama anayo, waulize TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. (Wasomaji wa Kenya, NEA, mamlaka ya ajira ya huko, wana orodha ya mawakala wenye leseni.) Lakini hata angekuwa na leseni kumi, ile ahadi ya kugeuza miaka minane iwe kumi na miwili ni kukutengenezea kitanzi. Waajiri wa huko wanathibitisha vyeti na kupiga simu kwa waajiri wa zamani. Uongo ukigunduliwa ukiwa bado Pugu, umepoteza milioni nne. Ukigunduliwa ukiwa Dubai kwenye mwezi wa tatu wa majaribio, umepoteza kazi ya huku na ya kule. Mwambie, "Asante, nimeamua kuomba mwenyewe," na usiingie kwenye mjadala, maana huwa wana maneno. Vyeti vyako halisi usimwachie hata kwa usiku mmoja. Kama anavyo tayari, kavichukue leo.

Ukiwa unasubiri majibu, fanya jambo moja la nyumbani. Kama Bodi ya Usajili wa Wahandisi bado inakutambua kama mhandisi mhitimu, maliza taratibu uwe mhandisi mtaalamu. Kwa Dubai itakuongezea uzito, na ukija kugeukia Riyadh, ambako metro ya njia sita na kilomita 176 ilianza kufunguliwa kwa awamu Desemba 2024, utatakiwa kujisajili kwenye Baraza la Wahandisi la Saudia, na karatasi zisizopangika zitakuchelewesha. Doha nayo ina metro tangu 2019. Nazitaja ili usiifanye Dubai kuwa mlango pekee. Uthibitisho wa shahada kupitia Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi uanze mapema, ni kazi ya foleni tu.

Nimemwacha mkeo mwisho kwa sababu kwake sina sheria wala tarehe za kukupa. Umeandika kwamba hajakataa. Soma tena maneno yake. Mwanamke aliyesema "mimi nitabaki na mtoto na kazi yangu" amekwambia vitu viwili: kwamba hajaona sehemu yake kwenye mpango huu, na kwamba kazi yake ameihesabu kuwa kitu, hata kama wewe kwenye barua yako umeipa sentensi moja fupi. Wewe na mjomba na rafiki yako na wakala mmejadili cheo. Yeye amejadiliana na nani?

Kisheria, kumpeleka si mlima. Mwenye mshahara wa dirham 4,000 kwenda juu anaweza kudhamini familia yake, na mhandisi anaupita huo. Mlima ni pango la nyumba, ambalo kule watu hulipa kwa hundi za miezi kadhaa mbele, na ada ya shule mtoto akikua. Kwa hiyo kaeni na kalamu, yeye aandike. Mwaka wa kwanza uende peke yako mpaka muda wa majaribio upite? Yeye aulize kwa mwajiri wake kuhusu likizo bila malipo kabla hamjaamua kwamba ni lazima aache kazi? Siku 30 za likizo mtazigawaje? Ni kiasi gani kitaingia nyumbani kila mwezi, kwenye akaunti ya nani, na Mama wa Tanga anapata nini humo ndani? Na muweke mwaka wa kurudi, hata kama mtakuja kuubadilisha. Mtu anaweza kuvumilia miaka mitano yenye mwisho kuliko miwili isiyojulikana inaishia wapi.

Mjomba mwite aje siku nyingine, mkishamaliza nyinyi wawili. Mwonyeshe matangazo yote mawili yakiwa yamechapishwa, umpigie mstari pale panaposema bajeti na mikataba. Mzee aliyekusomesha ataelewa karatasi.

Tarehe 28 haiko mbali. Andika wasifu upya Jumamosi, mpe mwenzako wa zamu ausome, aseme ni wapi umejisifu kuliko kweli na ni wapi umejificha, kisha utume mwenyewe kupitia ukurasa wa kampuni yenyewe ukishaliona tangazo lile pale. Usipolikuta, piga simu yao uulize kama nafasi hiyo ipo. Wakikuita kwenye usaili, niandikie mapema kabla ya siku yenyewe, nikutumie maswali mengine mabaya kuliko lile la pointi.